Dawa Mpya Juu ya Matibabu ya Zamani: Jinsi Dawa ya Kansa ya Ubongo Inavyojaribiwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yalisomwa redioni, na sasa yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena polepole pamoja na kiongozi wa darasa.

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na kiongozi wa darasa ana chaki mkononi. Yako maneno machache leo ya kuandika ubaoni, na ziko hesabu mbili tatu.

Leo tutajifunza habari za dawa, lakini si dawa ambayo imekwisha thibitishwa. Tutajifunza habari za dawa ambayo ingali inajaribiwa. Swali letu ni hili: mtu anapokuwa na ugonjwa wa kuua, na imeonekana dawa mpya yenye matumaini, daktari afanye nini? Ampe ile mpya peke yake? Ampe ya zamani peke yake? Au ampe zote mbili? Na akimpa zote mbili, atajuaje kwamba ile mpya ndiyo iliyosaidia?

Swali hili si la madaktari tu. Mtu ambaye ndugu yake ni mgonjwa hataki kungoja. Akisikia kwamba dawa fulani imepunguza kansa ya panya katika nchi ya mbali, huitaka leo, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini haraka hiyo imewahi kuwatia watu hasarani, nasi tutaona jinsi ilivyokuwa.

SEHEMU YA KWANZA: UGONJWA WENYEWE

Mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo mno viitwavyo seli, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Seli hazionekani kwa macho matupu. Seli njema huzaliwa, hufanya kazi yake, na wakati wake ukifika hufa. Seli ya kansa haifuati desturi hiyo. Huzaana bila kipimo, na haifi inapopaswa kufa. Kansa na saratani ni ugonjwa mmoja wenye majina mawili.

Ziko kansa za ubongo za namna nyingi. Tutakayoizungumza leo huitwa glioblastoma. Miongoni mwa kansa mbaya zinazoanzia katika ubongo wenyewe, hii ndiyo inayowapata watu wazima wengi zaidi. Mgonjwa huumwa kichwa, au hushikwa na kifafa ambacho hakuwa nacho zamani, au hulegea upande mmoja, au hupotewa na maneno.

Wakulima wanalijua gugu liitwalo ndago. Unaling'oa juu, shamba linaonekana safi, kumbe vijizizi vimebaki chini, na baada ya muda mfupi ndago zimerudi. Glioblastoma ni kama hiyo. Daktari mpasuaji huweza kuutoa uvimbe wote anaouona, lakini seli za kansa zimekwisha jipenyeza katikati ya sehemu njema za ubongo. Shambani unaweza kuchimba zaidi. Katika ubongo huwezi, kwa maana ukichimba zaidi unaweza kumwondolea mtu usemi wake, mwendo wake, au akili zake.

SEHEMU YA PILI: MATIBABU YA KAWAIDA

Basi madaktari hufanya nini? Matibabu ya kawaida yana hatua tatu. Kwanza ni upasuaji, ambapo uvimbe hutolewa kadiri iwezekanavyo. Pili ni mionzi, ambayo hupigwa mahali palipokuwa na uvimbe, siku 5 katika kila juma, kwa muda wa majuma 6. Haya, zidisheni: 5 mara 6 ni 30. Mgonjwa huenda kupigwa mionzi mara 30. Tatu ni dawa ya kumeza iitwayo temozolomaidi. Huimeza kila siku wakati wa mionzi, kisha baadaye siku 5 katika kila siku 28.

Matibabu haya nayo yalikuwa mapya siku moja. Zamani wagonjwa walipewa upasuaji na mionzi tu. Kisha madaktari wa Ulaya na Kanada wakauliza: tukiongeza temozolomaidi juu ya mionzi, je, mgonjwa ataishi zaidi? Wakawapima wagonjwa 573. Nusu yao walipewa mionzi peke yake, na nusu walipewa mionzi pamoja na dawa. Majibu yalitangazwa mwaka 2005.

Sikilizeni hesabu yake. Wapangeni wagonjwa wa kundi moja katika mstari, kuanzia aliyeishi muda mfupi kabisa mpaka aliyeishi muda mrefu kabisa. Kisha mtazameni yule aliyesimama katikati. Katika kundi la mionzi peke yake, mtu wa katikati aliishi miezi 12.1. Katika kundi la mionzi na dawa, mtu wa katikati aliishi miezi 14.6. Toeni: 14.6 kutoa 12.1 ni 2.5. Faida ilikuwa miezi miwili na nusu.

Mtu atasema, miezi miwili na nusu ni kitu gani? Lakini tazameni tena. Baada ya miaka miwili, katika kundi la kwanza waliokuwa hai ni asilimia 10.4, yaani watu 10 hivi katika kila 100. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 26.5, yaani watu 26 au 27 katika kila 100. Kwa hao waliozidi, na kwa watoto wao, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, wengi wa wagonjwa walikufa. Ndiyo maana madaktari hawakutosheka, wakaendelea kutafuta.

Kiongozi wa darasa, simamisha kidogo hapa. Andika ubaoni: UPASUAJI, MIONZI, DAWA. Wanafunzi wayasome maneno hayo kwa sauti.

SEHEMU YA TATU: CHAKULA CHA SELI

Sasa tutazame njia moja ambayo madaktari wameifuata. Inahusu jinsi seli inavyokula.

Kila seli inahitaji nguvu, na nguvu nyingi huzipata katika sukari iliyomo katika damu. Seli njema huivunja sukari kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hufanyika bila hewa, na hutoa nguvu kidogo. Hatua ya pili hufanyika ndani ya vyumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria, ambavyo tunaweza kuviita majiko ya seli. Humo sukari iliyokwisha vunjwa huchomwa pamoja na hewa ya oksijeni, na nguvu nyingi hupatikana.

Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Otto Warburg aligundua jambo la ajabu katika miaka ya 1920, akiwa Berlin. Aliona kwamba seli za kansa hutumia sukari nyingi mno, lakini huivunja kwa namna ya kuchachusha, hata hewa inapokuwa tele. Mnajua maziwa mabichi yanavyokuwa mgando. Vijidudu vidogo huila sukari ya maziwa bila kutumia hewa, na huacha uchachu. Uchachu huo ni wa asidi ya maziwa. Basi seli ya kansa hutoa asidi iyo hiyo. Ni kama mpishi mwenye jiko zuri nyumbani, ambaye halitumii.

Warburg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya upumuaji wa seli. Yeye alidhani kwamba majiko ya seli yameharibika, na kwamba huko kuharibika ndiko chanzo cha kansa. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo ni mabadiliko katika maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Lakini lile aliloliona juu ya sukari lilikuwa kweli, nalo ni kweli hata leo.

Halafu likazuka swali jingine. Ikiwa majiko hayakuvunjika, bali yamefungwa tu, je, hayawezi kufunguliwa? Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu majiko hayo yana kazi ya pili. Ndiyo yanayosaidia kutoa amri ya seli kufa wakati wake unapofika. Seli ambayo majiko yake yamelala, amri hiyo haiisikii upesi.

SEHEMU YA NNE: DAWA IITWAYO DCA

Dawa yenyewe jina lake ni refu: dikloroasetati. Sisi tutaiita DCA, kama madaktari waiitavyo. Si dawa ngeni kabisa. Kwa miaka mingi ilitumika kuwajaribu kuwatibu watoto waliozaliwa na kasoro ambayo hujaza asidi ya maziwa katika damu. Ni kitu rahisi kutengenezwa, hunywewa kwa mdomo, na chembe zake ni ndogo, hata zinaweza kupita kutoka katika damu na kuingia katika ubongo. Dawa nyingi haziwezi kupita hapo, maana ubongo umelindwa kama boma.

Inafanyaje kazi? Fikirini mlango wa jikoni. Mlangoni amesimama bawabu anayeufunga, ili sukari iliyovunjwa isiingie. Katika seli nyingi za kansa bawabu huyu ana nguvu kupita kiasi. DCA humzuia bawabu. Mlango hufunguka, sukari huingia jikoni, na majiko huamka. Yakiamka, amri ya kufa nayo inaweza kusikika tena.

Mwezi wa Januari mwaka 2007, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton katika Kanada, walitangaza kazi yao. Kiongozi wao alikuwa Daktari Evangelos Michelakis. Waliwapa panya waliokuwa na uvimbe wa kansa maji yenye DCA, na uvimbe ukapungua ukubwa. Magazeti yaliipokea habari hiyo kwa kelele, na wagonjwa wa nchi nyingi wakaisikia.

Lakini palikuwa na shida ya fedha. Kujaribu dawa kwa watu ni kazi ya gharama kubwa, na kwa kawaida hulipiwa na kampuni inayotumaini kuiuza dawa hiyo peke yake. DCA ni kitu cha zamani, hakina mwenyewe. Kwa hiyo watu wa kawaida walichanga fedha zao, na mwaka huo huo wa 2007 serikali ya Kanada ilitoa ruhusa dawa ijaribiwe kwa wagonjwa wa glioblastoma.

SEHEMU YA TANO: WAGONJWA WATANO

Majibu ya jaribio hilo yalitangazwa mwaka 2010. Kwanza wataalamu walichukua vipande vya uvimbe wa glioblastoma vilivyotolewa katika vichwa vya wagonjwa 49 wakati wa upasuaji. Wakaona kwamba majiko ya seli hizo yamelala, na kwamba DCA huyaamsha. Kisha wakawapa dawa wagonjwa 5.

Watatu kati yao walikuwa wamekwisha tibiwa kwa njia nyingine, na ugonjwa umewarudia. Wawili walikuwa wagonjwa wapya. Hao wapya hawakunyimwa matibabu ya kawaida. Walipasuliwa, wakapigwa mionzi, wakameza temozolomaidi, na juu ya hayo wakapewa DCA.

Liangalieni sana jambo hilo. Kwa nini hawakupewa DCA peke yake, ili ionekane wazi inafanya nini? Kwa sababu temozolomaidi na mionzi vilikuwa vimekwisha onyesha kwamba vinaongeza maisha. DCA ilikuwa haijaonyesha. Si haki kumnyang'anya mgonjwa kitu kinachojulikana kuwa kinasaidia, ukampa kitu ambacho labda kitasaidia. Dawa mpya haiingii kwa kuifukuza ya zamani. Huja ikakaa juu yake, mpaka ijulikane thamani yake.

Je, ikawaje? Mgonjwa mmoja alikufa baada ya miezi 3, kwa sababu uvimbe ulikuwa mkubwa na ubongo ukavimba. Wanne walikuwa hai miezi 18 baada ya kuanza dawa. Kwa wagonjwa 3 wataalamu waliweza kulinganisha vipande vya uvimbe vya kabla ya dawa na vya baada ya dawa, wakaona dalili kwamba seli nyingi zaidi za kansa zilikuwa zinakufa.

Dawa ilikuwa na madhara yake pia. Moyo, ini na figo havikudhurika. Lakini kipimo kilipokuwa kikubwa, wagonjwa walipata ganzi na udhaifu wa mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Kipimo kilipopunguzwa, hali hiyo ikatulia. Tena ilionekana kwamba dawa huchukua miezi 2 au 3 kufikia kiasi cha kutosha katika damu. Kwa mgonjwa ambaye muda wake ni mfupi, miezi 3 ni mingi.

Baadaye madaktari wa Florida, katika Marekani, walitangaza mwaka 2014 jaribio la DCA kwa wagonjwa 15 wenye uvimbe mbaya wa ubongo uliowarudia. Hao waliwapimia wagonjwa dawa kwa kutazama urithi wa kila mmoja, kwa maana miili mingine huivunja DCA upesi, na mingine polepole. Huyu akipewa kipimo cha yule, ataumia.

SEHEMU YA SITA: KWA NINI WATANO HAWATOSHI

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wanne katika watano walikuwa hai baada ya miezi 18. Je, tuseme DCA inatibu kansa ya ubongo? Hapana. Wataalamu wenyewe waliofanya kazi ile hawakusema hivyo.

Sababu ya kwanza, watu watano ni wachache. Mnakumbuka tuliona kwamba, hata kwa matibabu ya kawaida, watu 26 au 27 katika 100 huwa hai baada ya miaka miwili. Huenda kati ya wale watano walikuwamo watu wa namna hiyo, ambao wangeishi hata bila DCA.

Sababu ya pili, watano wale hawakuwa na hali moja. Mmoja alikuwa hivi, mwingine vile, na matibabu waliyokwisha pata yalikuwa mbalimbali.

Sababu ya tatu, na ndiyo kubwa, hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ukitia mbolea katika shamba zima, na mahindi yakastawi, utajuaje kama ni mbolea au ni mvua? Bwana shamba hukuambia, tia mbolea nusu, nusu nyingine iache, kisha linganisha. Mvua imenyesha pande zote mbili. Tofauti itakayoonekana ni ya mbolea.

Hivyo ndivyo dawa inavyopimwa, kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza huwa na watu wachache, na swali lake ni: je, dawa hii ina hatari, na kipimo chake ni kiasi gani? Hatua ya pili huwa na watu wengi zaidi, na swali lake ni: je, ziko dalili kwamba inasaidia? Hatua ya tatu huwa na mamia ya watu katika makundi mawili, na swali lake ni: je, inashinda matibabu ya kawaida yakiwa peke yake? DCA kwa kansa ya ubongo haijapita hatua hiyo ya tatu. Kwa hiyo haijathibitishwa kuwa dawa ya ugonjwa huu.

Labda mtauliza, nani anachagua wa kuingia kundi hili au lile? Huchaguliwa kwa kura. Daktari akichagua mwenyewe, huenda bila kujua akawapa dawa mpya wale wenye nguvu, na mwisho dawa itaonekana nzuri kwa sababu ya nguvu zao. Kura haina rafiki. Na katika majaribio ya namna hii, asiyeipata dawa mpya haachwi mikono mitupu. Wote hupata matibabu ya kawaida. Kundi moja huongezewa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumeifaidi njia hii. Katika miaka ya 1960 na 1970, wagonjwa wa kifua kikuu wa nchi zetu waliingia katika majaribio yaliyofanywa na madaktari wa huku pamoja na wa Uingereza. Dawa iitwayo rifampisini ilipoongezwa juu ya dawa zilizokuwapo, wagonjwa walitibiwa kwa miezi 6 tu, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache sana kuliko katika kundi lisiloongezewa. Tunaitumia faida hiyo mpaka leo.

SEHEMU YA SABA: MATUMAINI YALIYOPIMWA YAKAPUNGUA

Kupima si kazi bure. Nitawapa mfano wa dawa nyingine ya glioblastoma, iitwayo bevasizumabu. Hiyo huzuia uvimbe kuota mishipa mipya ya damu. Mwaka 2009 Marekani iliruhusu itumiwe kwa wagonjwa ambao ugonjwa umewarudia, kwa sababu katika picha za ubongo uvimbe ulionekana kupungua.

Kisha ikapimwa kwa wagonjwa wapya, juu ya mionzi na temozolomaidi. Jaribio moja lilikuwa na wagonjwa 921. Kundi moja liliongezewa bevasizumabu, na jingine lilipewa maji yasiyo na dawa, wala mgonjwa hakujua amepewa nini. Majibu yalitangazwa mwaka 2014. Katika kundi la bevasizumabu, uvimbe ulikawia kuanza kukua tena: miezi 10.6, na katika kundi jingine miezi 6.2. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini waliishi muda gani? Mtu wa katikati wa kundi la dawa aliishi miezi 16.8. Mtu wa katikati wa kundi jingine aliishi miezi 16.7. Toeni wenyewe mwone kilichobaki.

Basi picha ilisema jambo moja, na maisha ya watu yakasema jingine. Bila kundi la kulinganisha, jambo hilo lisingejulikana.

SEHEMU YA NANE: UNGA WA KUNUNUA

Nilisema mwanzoni kwamba haraka imewatia watu hasarani. Habari ya panya wa Edmonton ilipoenea mwaka 2007, watu wengi hawakungoja. Walianza kununua unga wa DCA kwa njia ya intaneti, wakajipimia wenyewe nyumbani. Mwezi wa Julai mwaka huo, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilizuia biashara moja ya namna hiyo. Na mwaka 2010 mahakama ya Marekani ilimfunga mtu aliyewauzia wagonjwa unga mweupe akiuita DCA. Ulipopimwa, ndani yake mlikuwa na wanga na sukari.

Hata unga ulio wa kweli una hatari. Ni nani atakayepima damu nyumbani? Ni nani atakayejua kwamba ganzi ya miguu inatokana na kipimo kikubwa, wala si ugonjwa unaozidi? Na zaidi ya hayo, mtu anayejitibu faraghani hafundishi mtu mwingine kitu. Akipona, hatujui kwa nini. Akifa, hatujui kwa nini. Lakini mgonjwa aliyeingia katika jaribio la hospitali, hata kama dawa haikumsaidia yeye, habari zake zimeandikwa, na zitamsaidia atakayeugua baada yake.

Mgonjwa anayeombwa kuingia katika jaribio ana haki zake. Aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Aambiwe faida inayotumainiwa na madhara yanayowezekana. Apewe muda wa kufikiri na kuzungumza na jamaa zake. Anaweza kukataa, na akikataa atatibiwa vile vile. Hata akikubali, anaweza kutoka siku yoyote. Karatasi ya ruhusa asiitie sahihi kabla hajaisoma, au kusomewa na mtu anayemwamini. Hiyo nayo ni faida ya kujua kusoma.

Kabla hatujaagana, shikeni maswali matatu. Mkisikia habari ya dawa mpya, katika redio, sokoni, au kwa jirani, ulizeni hivi. Kwanza: imejaribiwa kwa nani, kwa panya au kwa watu, na watu wangapi? Pili: imelinganishwa na nini? Tatu: iliongeza maisha, au ilibadili picha tu? Na kama mgonjwa wenu anataka kutumia kitu chochote cha ziada, amwambie daktari wake wazi, wala asiyaache matibabu ya hospitali.

Haya, wanafunzi, muda wetu umekwisha. Kiongozi wa darasa ataendelea nanyi. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Seli: kitu hai kidogo sana, miili yetu imejengwa kwa seli nyingi.
Mitokondria: vyumba vidogo ndani ya seli ambamo nguvu hutengenezwa, majiko ya seli.
Mionzi: nguvu isiyoonekana, hutumika kuua seli za kansa.
Jaribio: kazi ya kupima kitu ili kujua ukweli wake.
Kundi la kulinganisha: wagonjwa wasiopewa dawa mpya, ambao hulinganishwa na wale waliopewa.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini daktari mpasuaji hawezi kuzitoa seli zote za glioblastoma?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: DCA inafanya nini katika seli ya kansa?
3. Wagonjwa wapya wawili wa Edmonton walipewa mionzi na temozolomaidi pamoja na DCA. Kwa nini hawakupewa DCA peke yake?
4. Hesabu: mgonjwa wa katikati aliishi miezi 16.8 katika kundi moja, na 16.7 katika kundi la pili. Tofauti ni nini? Je, inatosha kusema dawa iliongeza maisha?
5. Jirani yako amesikia habari ya unga unaoponya kansa, naye anataka kumtoa mama yake hospitalini. Utamwambia nini? Zungumzeni wawili wawili, kisha mlieleze darasa.